Uzinduzi wa Kontena la Meno

(Uwanja ulio jirani na maegesho ya malori, Tunduma, Jumamosi mchana. Kontena jeupe limechorwa jino linalotabasamu, mlangoni kuna kufuli na utepe mwekundu. Msemaji anapanda jukwaani akiwa na bunda la karatasi, anapangusa mdomo kwa leso nyeupe, anagonga kipaza sauti.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya amepata udhuru na kwa bahati nzuri ameniteua mimi nimwakilishe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ndiye mimi, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi wa Kinywa Salama na Damu Tulivu, Kanda ya Mpakani, kwa kifupi MJUKISADA, ambaye, kama mnavyoona kwenye fulana mlizogawiwa, ni mimi huyuhuyu, Eliakim Nzunda, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa dini mliofungua kwa sala na mtakaofunga kwa sala, na hiyo ya kufunga naomba iwe fupi, wazee wetu wa kimila mliokuja na usinga, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha wa mpakani, ambao nawaona hapa, mkono mmoja unapiga makofi na mwingine umeshika kwacha, madereva wa malori mliotoka kwenye foleni mkijua mtaikuta palepale, ndugu zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, nawasalimu kwa Kibemba, mwapoleni mukwai (sauti chache kutoka nyuma: "Eya mukwai"), wakulima wa kahawa, wafugaji wa bondeni Momba, wavuna chumvi wa Ivuna, wachimbaji wa Galula mliokuja kwa pikipiki na vumbi lenu, daktari wetu wa meno, Dkt. Jenista, ambaye nitakuja kumsema baadaye. Na wewe mwananchi wa kawaida, ambaye usingekuwepo ningemhutubia nani: itifaki ihesabiwe imetimia, na kama kuna mtu sijamtaja, ajitaje mwenyewe moyoni. (Makofi.)

Ndugu wananchi, kabla sijaanza naomba niseme maneno machache ya utangulizi, na kabla ya utangulizi niseme kwamba nimefarijika. Nimefarijika sana. Nimepita hapa barabarani nikaona akina mama wamejipanga na vitenge vya programu, nikaona vijana wa bodaboda wamefunga matawi mbele ya pikipiki, nikajiuliza, Eliakim, watu wote hawa wamekuja kumwona nani? Nikajijibu, kwa unyenyekevu, kwamba wamekuja kukuona wewe. (Makofi ya wastani. Mshereheshaji anaonyesha kwa mikono kuwa yaongezwe. Yanaongezeka.) Ahsanteni, makofi ya hiari ni matamu. (Anapangusa mdomo.) Na mniwie radhi kwa leso hii, asubuhi nilikunywa juisi ya rozela, na rozela ikimpenda mtu haimwachi.

Leo tunazindua. Tunazindua nini? Wapo watakaosema tunazindua kontena, na huo ni ufinyu wa fikra. Sisi katika MJUKISADA hatuzindui vitu, tunazindua dhana, tunazindua fremuweki, tunazindua rodimapu shirikishi na endelevu ya kimaltisekta, yenye lengo la kumwezesha mwananchi wa mpakani, pale alipo, kwa wakati wake, kwa kutumia fursa zilizopo na zile zisizokuwepo, kung'oa jino lake bila kumwaga damu yake isivyo lazima. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anamuuliza mwenzake kasema nini.) Nimesema damu, ndugu yangu uliyeuliza, na nitakufafanulia, kwa sababu kiongozi asiyefafanua ni sawa na redio isiyo na betri.

Damu ya mtu wa kawaida ina adabu. Ukijikata unapomenya viazi, inatoka kidogo, inasimama, inaganda, maisha yanaendelea. Lakini wapo wenzetu ambao damu yao haijui kusimama. Wengine wamezaliwa hivyo, ugonjwa unaitwa hemofilia, na mmoja wao akijigonga goti tu, goti linavimba wiki nzima. Wengine damu yao ilikuwa sawa kabisa, ila madaktari wamewapa vidonge vya kuizuia isigande, kwa kuwa moyo una hitilafu, na damu ikiganda moyoni lile donge linasafiri mpaka kichwani, mtu analala mzima na kuamka upande mmoja haumtii. Sasa mtu wa namna hiyo akiumwa jino afanyeje? Akienda kwa mng'oaji wa gulioni, jino linatoka kwa dakika moja na damu inatoka siku mbili. Akiambiwa aache vidonge kwanza, ameruka majivu kakanyaga moto, kwa sababu jino litatoka salama na yeye atapooza. Hapo ndipo MJUKISADA ilipoona gepu, na ilipoona gepu haikulala. (Makofi. Anapangusa mdomo, anaitazama leso, anaikunja upande wa pili.)

Haikulala, ilifanya utafiti. Utafiti wetu wa awali ulifanyika kwa njia ya simu, simu zilizopokelewa zilikuwa mbili, na matokeo yake ni ya kutisha: asilimia hamsini ya wana-Songwe wanaumwa meno, na asilimia hamsini iliyobaki walisema wapigiwe baadaye. (Mguno.) Ndiyo maana tukaweka lengo la kuwafikia wagonjwa wote wa damu na meno, na hadi ninavyosimama hapa tumewafikia kwa asilimia mia moja na kumi na saba. Hiyo kumi na saba ya juu ni wale ambao hawajaugua bado, lakini tumeshawafikia kifikra.

Lakini takwimu ni takwimu, na mimi ni mtu wa watu. Naomba Bibi Gwantwa asimame. Simama, bibi yangu, uonekane. (Mwanamke mzee wa mstari wa mbele anasimama taratibu. Kitenge kimezungushwa kichwani na kufungwa chini ya kidevu. Shavu la kulia limevimba.) Huyu ni Bibi Gwantwa, mkulima wa Isongole kule Ileje. Moyo wake una valvu ya kiwandani, aliwekewa Dar es Salaam, na ukikaa karibu naye kanisani watu wakiwa kimya unaisikia inagonga kama saa ya ukutani. Kila jioni anameza kidonge kinaitwa wafarini. Jino lake la nyuma limeoza. Mwanzoni mwa masika alikwenda kwa Dkt. Jenista, na daktari akamwambia jino hilo atalitoa, na vidonge asiache hata kimoja, ila kwanza ipimwe damu inaganda kwa kasi gani, na kwa kuwa mashine ya kituoni imekufa, kipimo kikafanyike Mbeya. Bibi akauza kuku wake, akafunga kapu.

Ndipo mimi, nikiwa katika ziara yangu ya Isongole, nikamzuia. Nilimwambia mbele ya mkutano wa hadhara, na nilishangiliwa sana, nikasema, bibi, wewe huendi Mbeya, Mbeya inakuja kwako. Akaniamini. Mtu wa Ileje akikuamini, amekuamini. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele siku ile, na leo yameshavunwa, yamepukuchuliwa, yamekuwa ugali, na Bibi Gwantwa bado anausubiri mradi. Hajatafuna upande wa kulia tangu masika. Usiku analala ameegemea ukuta. Tazameni shavu lile, ndugu wananchi. Shavu lile ndilo kiashiria namba moja cha mradi wetu, na niseme kwa fahari kwamba limekua kuvuka lengo. (Kicheko kinaanza na kukatika. Bibi Gwantwa anasema neno kwa Kindali. Waliokaa karibu naye wanainamisha vichwa wakicheka.) Bibi anashukuru. Ahsante, bibi.

(Anatoa leso ya pili mfukoni.)

Sasa geukeni mtazame kontena. Polepole, msisukumane, lipo, haliendi popote. Ndani ya kontena hili, ndugu zangu, mnapolitazama hivi kwa nje, kuna teknolojia ya kisasa ambayo mimi mwenyewe nikiifikiria naishiwa maneno, na mnanijua sina kawaida ya kuishiwa maneno. Kuna mashine ya kupima damu kwa tone moja la kidoleni, jibu linatoka kabla hujamaliza kusalimiana, na salamu za Kinyiha mnazijua urefu wake. Kuna kiti cha kupanda na kushuka kwa kubonyeza. Kuna nyuzi za kushonea fizi, kuna gozi, vile vitambaa vyeupe vya hospitali, za kung'ata, kuna dawa ya kulowesha gozi ili damu ikumbuke kuganda. Kuna friji ya kuhifadhia dawa ya wenye hemofilia, ile wanayochomwa kabla ya kung'olewa. Vyote vimo. Mimi nimeviona kwa macho ya maono. (Makofi makubwa. Mama mmoja anapiga kigelegele.)

Na hapa niseme kuhusu Dkt. Jenista, maana niliahidi. Dkt. Jenista ni mwanamke msomi, mchapakazi, sina ugomvi naye, ila ana udhaifu mmoja, anapenda kuona. Nilimwambia mradi umefika, akasema anataka kuona. Nilimwambia mashine imo kontenani, akasema kontena lifunguliwe aone kama inawaka. Nikamwambia, daktari, bibi harusi hafunuliwi shela kabla ya kufungishwa ndoa. Akakataa kabisa kupokea makabidhiano. Na leo amekuja hapa na mkoba wake wa kazini, mtamwona pale amekaa nao mapajani, kama mtu anayekwenda harusini na wali wake kutoka nyumbani. Nimemsamehe. Kiongozi husamehe. (Dkt. Jenista haondoi macho kwenye leso.)

Kwa sababu mimi sikuishia kwenye vifaa, nikaingia kwenye kapasiti bildingi. Nimetunga mwongozo. Niliutunga mwenyewe, mara tu baada ya Dkt. Jenista kunieleza yaliyomo. Kanuni ya kwanza, nanukuu: muulize mgonjwa, hata kama ni mkubwa, hata kama ana haraka, anatumia dawa gani. Hiyo ndiyo mama wa kanuni. Ukisahau hiyo, hata uwe na mkono wa dhahabu, utamwaga damu ya mtu. (Anapangusa.) Kanuni ya pili, mgonjwa asiachishwe vidonge vya moyo na mtu yeyote asiyekuwa daktari anayemtibu moyo huo. Kanuni ya tatu, jino la mtu wa namna hii ling'olewe asubuhi, na iwe mwanzoni mwa wiki, ili damu ikirudi kutoka jioni daktari awepo, asiwe amekwenda kwenye sherehe. Asing'olewe Ijumaa. Na Jumamosi ndiyo kabisa, mtu anayeng'olewa jino Jumamosi huyo anatafuta makubwa. (Anasita.) Leo ni Jumamosi. Nimetoa tu mfano.

(Leso ya pili imelowa. Anavua skafu ya programu shingoni, anaiweka mdomoni, anaendelea kuzungumza pembeni mwa skafu. Walioko mstari wa mbele wanasogeza viti nyuma kidogo. Sauti ya mwanamume: "Mheshimiwa, hiyo ni damu.")

Ni rozela. Ndugu yangu, nimesema ni rozela, na programu hii inajengwa juu ya kuaminiana. Tuendelee. Kanuni ya nne, baada ya kung'oa, mgonjwa ashonwe, ang'ate gozi kwa nguvu, asiteme, asisukutue, na zaidi ya yote asizungumze, maana ulimi ukitembea unang'oa lile donge la damu ambalo ndilo kizibo chenyewe. Mgonjwa anayetoka kung'oa jino na kusimama kuongea saa nzima juani, huyo hata ukimpa dawa za Ulaya utakuwa unamwagia maji gunia. (Watu wanatazamana.) Mbona mmenyamaza? Hapo mlitakiwa kupiga makofi. (Makofi mawili matatu.)

Na yule dereva wangu, Mzee Luhende, naomba aache kunipungia mkono kutoka kwenye gari. Nimekuona, Mzee Luhende. Nimekuona tangu nianze. Jamani, huyu Mzee Luhende ni mtu wa Ivuna, mkimya, mtunza siri, leo alfajiri amenivusha Nakonde na kunirudisha na hajamwambia mtu hata mmoja, isipokuwa

(Anakatiza maneno. Lori linapiga honi barabarani.)

isipokuwa mimi, ambaye nimesema sasa hivi. Basi, kwa kuwa limetoka, na kwa kuwa uwazi ni nguzo ya nne ya programu, niwaeleze, na mnielewe kama viongozi wenzangu wanavyonielewa. Jino lilikuwa linaniuma. Wiki tatu sijalala. Sasa mlitaka niende wapi? Niende kituoni kwa Dkt. Jenista, mimi, Mratibu Mkuu wa meno ya kanda nzima, nikae benchi nimeshika shavu, nyuma ya wauza ndizi, watu waseme kumbe hata huyu wa meno meno yamemshinda? Na leo kuna kamera, na mbele ya kamera kiongozi lazima atabasamu kwa upana. Nikafanya kama sisi sote wa Tunduma tunavyofanya tukitaka jambo liwe jepesi na lisijulikane. Nikavuka. Sukari tunavuka nayo, mafuta ya kula tunavuka nayo, nikaona jino nalo livuke. (Vicheko, kwa mara ya kwanza vya kweli.)

Kule kuna fundi mmoja, mbele ana kibanda cha kutengeneza redio na nyuma ana kiti cha meno. Mkono wake ni mwepesi, sitamsingizia. Aling'oa nikiwa bado nauliza kama ameanza. Ila hakuniuliza natumia dawa gani. Hakuniuliza kwa heshima, kwa sababu picha yangu ameiona kwenye mabango, na kwetu mtu mkubwa haulizwi. Nami sikusema, kwa sababu sikuulizwa. Na kwa mtazamo huo, ndugu wananchi, mkilitazama jambo hili kimkakati, si ajali hata kidogo. Mimi ni pailoti. Kila mradi mkubwa duniani una awamu ya majaribio, na mimi, kwa uzalendo wangu, nikajitoa mwili wangu uwe awamu ya majaribio. (Hakuna makofi. Mshereheshaji anainua mikono, anaiona damu kwenye skafu, anaishusha.)

(Dkt. Jenista anasimama, anakuja mpaka chini ya jukwaa. Hana kipaza sauti lakini wote wanamsikia: "Mheshimiwa, unatumia dawa gani?")

Swali zuri, daktari. Maswali yatapokelewa mwishoni, kwa ridhaa ya mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi.

("Unatumia dawa gani?")

Natumia dawa mbalimbali, kulingana na majukumu.

(Dkt. Jenista anangoja. Haulizi tena.)

Wafarini. (Minong'ono uwanja mzima.) Ndiyo, wafarini. Moyo wangu, kwa mujibu wa wataalamu, unapiga nje ya ratiba, jambo ambalo mimi nililitafsiri kuwa ni wingi wa kazi za umma, lakini wao wakanipa kidonge. Nameza kila jioni. Hata jana nimemeza. (Bibi Gwantwa, ambaye bado amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, anasema kwa sauti: "Kumbe kidonge chetu ni kimoja.") Ni kimoja, bibi. Na naomba niseme jambo ambalo halimo kwenye hotuba. Naogopa. Imetoka tangu saa moja asubuhi na haina dalili ya kuchoka.

(Dkt. Jenista: "Basi fungua kontena. Mashine imo, nyuzi zimo, dawa imo, umesema mwenyewe. Nawatibu wote wawili sasa hivi." Uwanja unaanza kwa sauti ndogo, kisha kubwa: "Fungua. Fungua." Bibi Gwantwa anachukua kapu lake, anatembea mpaka mlangoni pa kontena, anasimama mbele ya utepe, anaweka mkono juu ya kufuli na kumgeukia msemaji.)

Ndiyo. Kufungua. Hilo ni wazo la kidemokrasia. Lakini mradi haufunguliwi kimyakimya kama sufuria ya maharage, lazima kwanza tuimbe kaulimbiu. Nikisema kinywa salama, mnajibu damu tulivu. Kinywa salama! (Sauti moja: "Damu tulivu." Wengine: "Fungua.") MJUKISADA hoyee! ("Fungua.") Songwe yenye tabasamu pana inawezekana! ("Fungua, Mheshimiwa, unaishiwa damu.")

(Anaangalia mkasi wa utepe. Skafu inadondosha. Anachukua kurasa nne za hotuba, anazikunja, anajipangusia.)

Hizo zilikuwa kurasa za takwimu, hazina hasara. Basi ndugu wananchi, kwa kuwa mtu mstaarabu hushukuru kabla ya kula, niruhusuni nishukuru kwanza, halafu mtaamua wenyewe kama kuna haja ya kufungua. Namshukuru kwa dhati ndugu Makene, msafirishaji, kwa kuniazima kontena hili, na amenisisitizia lirudi kabla ya saa kumi, tupu kama lilivyokuja, kwa kuwa linapakia sabuni za Zambia. (Mguno mrefu.) Namshukuru dada Conjesta wa saluni, kwa kile kiti cha kupanda na kushuka mlichokiona kwenye kipeperushi, ambacho alitukubalia tukipige picha mradi wateja wake wasijue. Namshukuru muuza soda wa stendi, mwenye friji. Namshukuru fundi rangi, aliyechora jino lile linalotabasamu, na nikiri kwamba ndilo jino pekee ambalo mradi huu umewahi kulishughulikia. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao bado tunawatafuta. Naishukuru mashine ya kupimia damu, popote ilipo duniani, na wote watakaobahatika kuipata. Na zaidi nimshukuru Bibi Gwantwa, ambaye bila shavu lake nisingekuwa na cha kuonyesha.

(Bibi Gwantwa anauondoa mkono kwenye kufuli. Anarudi taratibu na kapu lake, anapita mbele ya jukwaa bila kumtazama.)

Bibi, nisamehe. Nilidhani nikilisema sana litatokea. Mambo mengi katika kazi yangu yametokea hivyo.

(Dkt. Jenista amefungua mkoba. Anatoa gozi, anaikunja, anailowesha kwa dawa ya kichupa, anapanda jukwaani. "Weka pale pale penye jino, ung'ate kwa nguvu. Usiteme, usiongee, nusu saa. Nikutoe hapa nikakushone kituoni, halafu twende Mbeya kupima damu.")

Nusu saa, daktari? Nina kurasa kumi na moja hazijasomwa, mbali na hizi nne. Kuna sura nzima ya mafanikio.

("Chagua, Mheshimiwa. Hotuba au damu.")

(Anaitazama hotuba. Anautazama uwanja. Anaiweka hotuba chini, anakanyaga ncha yake ili isipeperuke.)

Basi nichague kwa niaba yenu. Lakini kabla sijaziba, niseme neno moja la kweli, liingie kwenye kumbukumbu. Lile gari ni la kweli. Katika vyote mlivyoviona leo, gari lina injini na lina mafuta, na kama linakwenda Mbeya kunipima mimi, basi linakwenda na Bibi Gwantwa, apimwe, arudi, ang'olewe Jumatatu asubuhi kwa mujibu wa kanuni ya tatu. Mzee Luhende, mfungulie bibi mlango wa nyuma. (Bibi Gwantwa ameshafungua mwenyewe mlango wa mbele. Ameketi kwenye kiti cha Mratibu Mkuu, kapu mapajani, mkanda amefunga.) Bibi, hicho ni kiti cha (anatazamana na Dkt. Jenista) basi, kaa hapohapo. Ndugu wananchi, kwa haya machache, ahsanteni kwa kunisikiliza, na ninatumaini mwaka ujao, katika uzinduzi wa awamu ya pili

(Dkt. Jenista anamwekea gozi mdomoni na kumfunga taya kwa kiganja. Anang'ata. Uwanja mzima unasimama na kupiga makofi, marefu kuliko yote ya siku hiyo, na mshereheshaji hakuyaomba. Msemaji anainua mkono kushukuru, anataka kusema kitu, daktari anatikisa kichwa. Bibi Gwantwa anateremsha kioo cha gari, anasubiri makofi yapungue, kisha anamwambia taratibu: "Ng'ata tu, mwanangu. Mimi nimeng'ata tangu masika.")